Picha Iliyouacha Mtaa wa Mashariki

Zauresh Bektenova, mwalimu wa upigaji picha katika mji wetu wa makaa ya mawe kwenye nyika ya Kazakistani, ameshapiga picha za harusi zisizo na idadi. Picha anayoiita yake ni moja tu, ya mgodi. Ilipotundikwa kwenye ukumbi wa utamaduni, alitaka jambo moja: watu waitazame kama picha.

Aliipiga kwa droni wakati wa theluji. Kingo za mgodi zinashuka ngazi kwa ngazi kama bakuli lililochongwa. Reli inaanzia pembe ya chini kushoto na kuliongoza jicho hadi kwenye dohani tatu za mtambo wa umeme juu. Kulia kuna bwawa la majivu ya mtambo huo, jeupe, tupu.

"Utupu huo ndio unaoibeba picha," aliwaambia wageni siku ya ufunguzi. "Ukiujaza, jicho halina pa kupumzikia."

"Nyumba yangu iko wapi?" akauliza mzee Dauletbek, msimamizi wa ukumbi.

"Haimo, mzee. Mtaa wa mashariki nimeuacha nje."

"Mtaa mzima?"

"Ungevuruga mpangilio."

"Binti yangu, kwenye karamu unamwacha shangazi nje ya picha kwa sababu anavuruga mpangilio?"

Watu wakacheka. Zauresh akasema hii si karamu. Mama mmoja akamjibu kwamba shangazi wa namna hiyo hagombi. Hakanyagi tu kwako tena. Mjadala wa mpangilio ukafia hapo. Kwetu picha ya pamoja haipigwi mpaka wa mwisho aitwe kutoka jikoni, hata akija na unga mikononi, na wageni walishaamua kuwa hii ni picha ya pamoja.

Wiki iliyofuata Zauresh alikuta kipande cha kalenda ya zamani kimebandikwa juu ya kioo cha picha: mapaa ya mtaa wa mashariki, katikati kabisa ya bwawa la majivu.

"Nani kabandika hiki, mzee?"

"Si palikuwa na nafasi," alisema Dauletbek.

Zauresh alikibandua. Kikarudi. Akabandika tangazo la kukataza. Tangazo likabanduliwa, kipande kikabaki. Sasa kila anayeingia hukimbilia pale, anaweka kidole, anaita wenzake. Reli haina mtazamaji.

Juzi nilimkuta Zauresh mbele ya picha, ukucha umeshaingia chini ya utepe wa gundi ulioshika kipande. Akasita. Kipande kilikuwa kimepinda kidogo. Akakibandua, akakibandika upya sambamba na reli, kisha akaenda kufundisha.