Tangazo la Kumtafuta Mwende

Harufu ya ngozi ya ng'ombe ikichemshwa haifanani na harufu ya nyama. Ni nzito, ina majivu na nywele zilizoungua ndani yake, na ikishaingia katika nguo haitoki hata ukifua. Mwaka ule wa njaa, katika miaka ya thelathini, harufu hiyo ilikuwa katika kila boma tulilolijua kuzunguka kijiji chetu cha Kwa Vonza, Kitui. Watu walikuwa wamekwisha kula mbegu za kupanda, wakala matunda ya mwituni na mizizi, kisha wakaziinua ngozi walizokuwa wakilalia, wakazikwangua na kuzichemsha tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi. Mdogo wangu Mwende alikuwa na minne. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi katika mashamba ya katani kabla mvua haijakosa mara ya pili, na hatukuwa na habari zake. Nyumbani tulibaki watatu, Mama na sisi wawili, pamoja na mbuzi mmoja jike aliyekauka maziwa.

Mwende hakuwa mtoto wa kulia. Alikuwa mtoto wa kuuliza. Alitaka kujua jina la kila kitu, la mdudu, la kilima, la mtu anayepita njiani, na ukimjibu alilirudia polepole kana kwamba analiweka mahali. Njaa ilipozidi, maswali yalipungua. Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Asubuhi moja Mama alimkalisha kwenye kizingiti, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo la kidole likabaki pale pale kama katika udongo mbichi. Mama alilitazama kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akaenda kumfungua yule mbuzi, akaniambia nikunje blanketi, kwa sababu tunakwenda Mbooni.

Wakamba tuna neno la safari ya namna hiyo, kuthuua, yaani kwenda mbali kutafuta chakula wakati wa njaa. Ni neno la zamani, maana njaa nazo ni za zamani. Tulitembea siku nne. Mto Athi tuliuvuka kwa miguu, maji yakiwa yamebaki vidimbwi katikati ya mchanga, na Mama akatukataza kukaribia kidimbwi chochote mpaka yeye mwenyewe amekipiga mawe, kwa kuogopa mamba. Tulimbeba Mwende kwa zamu, na nakumbuka jinsi alivyokuwa mwepesi, wepesi ambao hata mimi mtoto niliuona si wa kawaida. Siku ya nne tukaanza kupanda milima ya Mbooni, na hewa ikabadilika. Palikuwa na ubaridi na harufu ya udongo wenye maji, na migomba, na miwa imesimama kandokando ya vijito. Watoto wa huko walituangalia tukipita. Hawakutucheka. Waliacha mchezo wao wakanyamaza, na hilo liliniuma kuliko kama wangetucheka.

Karibu na Kikima tulipokelewa katika boma la mtu aliyeitwa Ndolo. Alikuwa mpole, mwenye mazoea ya kuzungumza na ng'ombe wake kuliko na watu. Mkewe, Kalondu, alikuwa na wana wawili, na msichana wake wa pekee alikuwa amemzika mwaka uliotangulia. Walimchukua yule mbuzi, wakatupa mahindi na maharagwe mzigo wa kubebwa mgongoni. Tulikaa hapo siku kadhaa, Mama akiwasaidia kupalilia, na kila asubuhi Kalondu alimpa Mwende uji wa wimbi kabla ya wanawe mwenyewe. Uvimbe ukaanza kushuka. Siku ya tano nilimsikia Mwende akimuuliza Kalondu jina la ndege aliyekuwa juu ya paa.

Jioni ya siku hiyo Kalondu alikuja kukaa karibu na Mama.

"Mama Kavata," alisema, akimwita kwa jina langu, "chakula hiki mkikila watatu hakitafika mwezi. Na huyu mdogo hatafika tena huku mara ya pili. Niachie. Mvua ikinyesha, ukivuna, njoo umchukue. Sitamfanya wangu."

Mama aliinuka akaenda kumfunika Mwende blanketi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi siku zile sikuwa mzazi wa mtu, kwa hiyo nilidhani amekataa. Kulipokucha alinivuta pembeni, akaniambia nimpeleke Mwende kijitoni, nimpe kipande cha muwa, na akishakolewa na utamu wake niondoke taratibu nimfuate yeye Mama njiani. Nilifanya hivyo. Nilimwambia Mwende, "Ngoja hapa, nakuja sasa hivi." Aliitikia kwa kichwa bila kunitazama, maji ya muwa yakimtiririka kidevuni. Mama alikuwa ametangulia na mzigo.

Mvua ilikuja mwisho wa mwaka. Tulivuna kunde na mbaazi, si nyingi, lakini zetu. Mama akaenda Kikima peke yake, akarudi peke yake. Boma la Ndolo lilikuwa limebaki nguzo tu. Majirani walisema amepata kazi ya kuendesha maksai katika shamba la mzungu, akahama na watu wake wote, lakini kila mmoja alionyesha upande wake. Mama alikwenda tena mara mbili katika msimu ule, akizunguka na kuuliza. Baba alirudi kutoka katani akiwa amekonda, na neno la kwanza lililomtoka mlangoni lilikuwa, "Mwende yuko wapi?" Mama alimweleza akiwa amesimama. Baba alitoka nje, akaanza kutengeneza ua ambao haukuwa umeharibika.

Kanisani kwetu alikuwepo mwalimu aliyeitwa Filipo, mtu pekee katika eneo lile aliyekuwa akipata gazeti la Kiswahili. Lilimfikia likiwa limechelewa wiki kadhaa, limekunjwa mpaka limechanika. Ni yeye aliyemwambia Mama kwamba watu huweka humo matangazo ya kutafuta ndugu. Nilikuwepo siku walipoliandika. Mama alisema maneno kwa Kikamba, Mwalimu akayaweka katika Kiswahili, na kila alipomaliza Mama alimwambia asome tena. Alisomewa mara tatu. Kila mara aliuliza, "Umesema kwamba nilirudi? Andika kwamba nilirudi." Baada ya hapo, kila gazeti lilipofika, Mama alikwenda kusimama mlangoni mwa kanisa mpaka Mwalimu apitie kurasa zote. Hapakuwa na kitu. Miezi miwili baadaye Mwalimu Filipo alihamishiwa upande mwingine wa Kitui, na gazeti likahama naye.

Mama aliishi miaka mingine thelathini. Hakumtaja Mwende mbele za watu. Ila kila alipokutana na mtu atokaye ng'ambo ya Athi alimwuliza habari za mvua, kisha za mifugo, kisha kama amewahi kusikia mtu aitwaye Ndolo. Nilikuja kujua kwamba maswali mawili ya kwanza yalikuwa adabu tu.

Mimi nilisoma katika shule ile ile ya kanisa, nikawa mwalimu, nikazaa, nikastaafu. Nilipopata muda wangu mwenyewe nilipanda basi kwenda Nairobi, katika nyumba inayohifadhi nyaraka za zamani, nikaomba magazeti ya miaka ile. Sikwenda kumtafuta Mwende. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa ya hilo. Nilitaka kuyaona maneno ya Mama, kwa maana hakuacha picha wala mwandiko, na tangazo lile ndicho kitu pekee alichopata kusema kikaandikwa. Magazeti yalikuwa yamefungwa pamoja kama vitabu vikubwa, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na ukizifunua upesi zinavunjika pembeni. Siku ya tatu nililiona. Lilikuwa chini ya ukurasa, kati ya mtu aliyepotelewa na baiskeli na mtu anayeuza dawa ya meno. Lilisema kwamba mama wa mtoto Mwende, wa Kwa Vonza, alirudi Kikima baada ya mavuno kama alivyoahidi, hakumkuta mtu, na anaomba ajulishwe mtoto alipo. Niliweka kiganja juu yake nikakaa.

Karani wa pale, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiniletea vitabu hivyo, alisimama nyuma yangu akasoma.

"Mwalimu," akasema, "watu wengine walikuwa wakijibiwa. Umeangalia magazeti yaliyofuata?"

Sikuwa nimeangalia. Kwetu sote, kwa miaka hamsini, lilikuwa jambo linalojulikana kwamba hakuna aliyejibu. Nilifunua kurasa za miezi minne mbele, na jibu lilikuwepo.

"Mimi Ndolo, zamani wa Kikima, namjulisha mama wa Mwende kwamba mtoto ni mzima. Tuko katika shamba la mzungu karibu na reli, upande wa Kiboko. Mimi siruhusiwi kuondoka kazini. Mama aje, au atume mtu. Mtoto anamwuliza."

Nilihesabu miezi kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Jibu lilipochapishwa, Mwalimu Filipo alikuwa amekwisha kuondoka Kwa Vonza. Gazeti lile lilisomwa na watu wengi ambao jibu hilo halikuwahusu, kisha likafungiwa chumvi madukani. Mama alikuwa akienda kuchota maji, akilima, akiuliza wapita njia habari za mvua, na jibu lake liko duniani, limeandikwa waziwazi. Nililia pale mezani, na karani alikuja kuyasogeza magazeti polepole yasilowe.

Ni yeye pia aliyenionyesha njia. Aliniambia kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia nyingi zilizokuwa katika mashamba ya wazungu zilitolewa, na baadhi zikapewa ardhi katika makazi mapya ya Makueni, na kwamba majina yao yaliandikwa katika madaftari yaliyokuwa humo humo. Madaftari yale yalikuwa na mwandiko wa watu mbalimbali. Kila boma lilikuwa na mstari wake, mwenye boma, mke, watoto, walikotoka. Nilitafuta Mwende nikamkosa. Nikamtafuta Ndolo nikampata, na mke wake Kalondu, na wana wawili. Chini yao palikuwa na jina la Mueni, na kando yake karani wa zamani hizo aliongeza maneno mawili: wa Kitui. Mueni kwa lugha yetu ni mgeni. Niliwakasirikia Ndolo na mkewe makaburini mwao. Nilidhani wamemnyang'anya hata jina.

Milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Nilikwenda Makueni nikiuliza habari za Mueni wa boma la Ndolo, nikamkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, anapukusa ndengu katika uteo. Alikuwa na mvi na paji la uso la Mama. Alinitazama tangu nilipoingia langoni mpaka nilipofika mbele yake.

"Wewe unatoka Kwa Vonza," alisema.

"Mimi ni Kavata."

"Keti, mgeni." Aliniletea kigoda kingine na maji, akarudi kwenye ndengu zake. Alisubiri ninywe ndipo akasema, "Baba Ndolo aliwaandikia. Alinionyesha lile gazeti, akanisomea. Kwa hiyo nilijua mnajua niliko. Nilingoja mavuno yale, nikangoja mengine. Nilipokuwa msichana mkubwa nikawaambia wasiniite tena Mwende. Nikajiita Mueni mwenyewe. Kalondu alilia siku ile."

Nilimweleza yote, kuhusu Mama kurudi Kikima mara tatu, kuhusu Mwalimu kuhamishwa. Nilimsomea tangazo, na jibu, na tarehe za vyote viwili, kama shahidi. Nilimwambia pia neno nililomdanganya nalo kijitoni. Hilo hakulikumbuka hata kidogo. Aliuliza Mama alikufa lini. Nilipomtajia mwaka, mikono yake ilisimama.

"Mwaka huo nilikuwa na watoto wanne," alisema. "Nguvu nilikuwa nazo, na mume wangu alikuwa akinihimiza niende nikawaone. Nikamwambia mimi siendi kwa watu walioitwa wakakataa kuja." Alitia ndengu nyingine katika uteo. "Nimekasirika miaka hamsini, dada. Sasa hasira hiyo niipeleke kwa nani?"

Nilisogeza kigoda changu karibu na uteo. Tulipukusa ndengu pamoja mpaka zikaisha.

Tangu siku ile tunatembeleana. Alikuja Kwa Vonza mara moja, akasimama kwenye kaburi la Mama muda mfupi, akaomba tuondoke. Bado wanawe wanamwita Mueni na mimi namwita Mwende, naye huitikia yote mawili. Siwezi kusema tumekuwa kama ndugu waliolala kwenye ngozi moja. Tumekuwa wazee wawili wanaoheshimiana, na pengine tukijaliwa miaka tutapata zaidi.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Ukame bado unakuja Kitui, lakini siku hizi chakula huletwa na malori, hata kama hakitoshi, na sijasikia mama akiacha mtoto mlimani. Safari iliyotuchukua siku nne, basi linaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Watu wakinisikia nikisema haya hunipa pole kwa njaa, na mimi huipokea. Lakini si njaa iliyotunyang'anya Mwende. Njaa ile tuliishinda, sote watatu. Nilifundisha watoto kusoma kwa miaka zaidi ya thelathini, na leo katika kijiji chetu ni vigumu kupata nyumba isiyo na mtu wa kusoma gazeti. Mwaka ule tulikuwa na mtu mmoja tu, na alikuwa amehamishwa.