Mwanaidi Hakuulizwa

Temeke, Jumatatu ya kufungua shule.

Wasomaji wa gazeti letu la ukutani, leo naandika habari za Mwanaidi. Naahidi kusema yote niliyoyaona, bila kuongeza na bila kuficha.

Amezikwa Ijumaa, na akili yangu bado inakataa. Asubuhi hii nimejibana pembeni mwa dawati letu kama kawaida, maana miguu yake ilikuwa mirefu na alihitaji nafasi.

Kwa wasiomjua: alikuwa jirani yangu na mwenzangu wa darasa. Alilelewa na bibi yake, Bi Tatu, muuza vitumbua.

Alitembeza vitumbua mbiombio. Bi Tatu alikuwa akimpigia kelele kutoka mlangoni, "Wewe, nenda taratibu! Wateja watadhani unawakimbia."

Sauti ya Mwanaidi ilikuwa nzito. Kwenye kuimba aliwekwa mstari wa nyuma kabisa, naye akaninong'oneza, "Afadhali. Huku hakuna anayeniona nikipiga miayo."

Mliokuwepo kwenye mashindano ya shule za wasichana mnakumbuka yadi mia. Alikimbia pekupeku, mtandio umefungwa kiunoni, na alipofika kwenye utepe aligeuka nyuma kuwasubiri wenzake.

Sie tulishaanza kuimba kwenye lori la shule. Kikombe kilikuwa mezani, hakijatolewa.

Ndipo mwalimu wa shule nyingine akaiambia kamati, "Yule si msichana. Mtazameni mabega, sikilizeni sauti."

Kamati haikumwita Mwanaidi. Ilimwita mwalimu wetu wa michezo na kumwuliza, "Huyu ameshachezwa ngoma?"

Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hufundwa, kisha hutolewa kwa ngoma na mtaa mzima ukajua. Mwanaidi alikuwa mkubwa kuliko sie wote darasani, na ngoma yake ilikuwa haijapigwa.

Mwalimu wetu hajui kusema uongo. Alijibu, "Bado."

Kwa neno hilo moja wakaona wamepata ushahidi. Walisema akapimwe na daktari, au kikombe apewe wa pili.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamume. Mwanaidi alisema kwa adabu, "Samahani Bwana, sivui nguo mbele yako," akaenda kupanda lori.

Sisemi kwamba kamati ilikosea kujali. Yule msichana wa pili alifanya mazoezi msimu mzima, na alistahili kujua kuwa ameshindana kwa haki. Nilimwona alipopokea kikombe. Hakukiinua juu.

Njiani nilimwambia Mwanaidi, "Ungekubali tu, yaishe."

Akasema, "Yaishe vipi? Mie naitwa mjukuu wa kike tangu nizaliwe. Kwa nini mwili wangu umechelewa, sijui. Wangeniuliza mie ningewaambia hivyo hivyo. Wamemwuliza mwalimu."

Hakukimbia tena. Vitumbua akawa anavitembeza taratibu, na Bi Tatu hakufurahi hata kidogo.

Masika yakaleta homa. Bi Tatu alimsihi aende hospitali, nami nikamsihi. Alijifunika kanga mpaka kichwani akasema, "Nikienda watanivua. Watakuja wengi kutazama."

Majirani walipompakia kwenye mkokoteni alikuwa hatutambui tena. Nesi alimwambia Bi Tatu, "Mama, mngemleta mapema." Mwanaidi hakurudi nyumbani akiwa hai.

Nilidhani maneno yataishia hapo. Lakini habari za uwanjani zilikuwa zimefika Temeke zamani. Maji ya kumwoshea yalipokuwa jikoni, mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa huyu ataoshwa na wanawake au wanaume?"

Watu wakageuka kumtazama Bi Tatu.

Alikuwa ameketi mkekani. Akasema, "Mjukuu wangu ni mwanamke. Mwiteni Bi Mashavu, na anayeona vibaya mlango uko wazi."

Bi Mashavu ndiye anayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Aliingia na wenzake wawili, pazia likateremshwa.

Walipotoka, macho yote yalikuwa kwa Bi Mashavu. Yule mama akasogea, "Ehe, dada?"

"Ehe nini? Nimemwosha mtoto wa Tatu. Leteni udi."

Baadaye nilimfuata uani. "Shikamoo Bi Mashavu. Mbona hukuwajibu ili wanyamaze?"

"Marahaba, mwanangu. Mwoshaji hasemi alichokiona. Maiti awe na kilema, awe mzuri, hasemi. Ningekuwa nasema, nani angenikabidhi mtoto wake?"

Nimelifikiria jambo hilo tangu Ijumaa. Hata hapa Temeke, msibani, walihitaji kujua aoshwe na nani. Lakini aliyeulizwa alikuwa anayempenda, aliyemgusa alikuwa mwanamke, na alichokiona kimebaki kwake.

Mwanaidi, mwenzangu, Mungu akupokee kwa jina ulilopewa na bibi yako. Nitamsaidia kutembeza vitumbua, ingawa ananiambia mie mzito. Lala, umepumzika na macho ya watu.

Mwalimu wetu wa michezo, hili ni lako. Kamati itakaa tena kabla ya mashindano ya mwakani. Darasa la chini yuko msichana anayekimbia vizuri sana, na wameshaanza kumtania kwa mabega yake. Jana aliniuliza kama ajiandikishe, nikamwambia asubiri jibu lako.

Tafadhali nijibu hapa hapa ukutani kabla karatasi hii haijabanduliwa: wakiwa na shaka naye, nani atazungumza naye, na huyo atajua kunyamaza?