Barabara Isiyopita Gari

Mwaka juzi alikuja Mzungu mmoja hapa Muheto, mtu wa shirika la mbegu. Alisimama juu ya kilima chetu akaitazama ile barabara ya changarawe inayoshuka kuelekea Pinga, akauliza kama kuna magari. Tukamwambia hakuna, hata pikipiki hazipiti. Alifurahi kweli. Alisema kwao watu huzitafuta barabara kama hiyo milimani, bila gari wala moshi, wakapande baiskeli siku nzima kwa raha zao tu. Niliona moyo wake ni safi, ila nilitaka kumuuliza: huko kwenu barabara ikinyamaza, hamjiulizi nani ameinyamazisha? Sikumuuliza. Nilimpa maharagwe, akala.

Aliyekuwa akimjibu ni Straton Ngabo, kwa Kifaransa chake cha kuokotaokota. Straton ni mdogo wangu wa tumbo moja, kitinda mimba, na mimi Dancille ndiye niliyemlea mama yetu alipofariki. Kwa hiyo nikimsema vibaya hapa, nina haki.

Hakuwa mtu wa maajabu. Alilima maharagwe na muhogo kama sisi wote, aliimba sauti ya chini kwenye kwaya ya kanisa, na alioa juu kidogo ya kimo chake: Muhawenimana, binti wa watu wenye ng'ombe. Shamba lilipokuwa dogo kwa matumbo ya nyumbani, alitafuta baiskeli nzito ya chuma, akaanza kushusha jibini na maharagwe Pinga na kupandisha mafuta ya mawese. Hapo ndipo tulipompoteza. Baiskeli ilioshwa kabla ya mwenyewe kuoga. Mvua ikinyesha, ililala ndani, jirani na masufuria. Siku moja nilimwambia aipeleke kwa mchungaji ikabatizwe, akacheka mpaka akakaa chini.

Na barabara ile aliipenda. Ilichimbwa zamani za mashamba ya wakoloni, na magari yaliacha kupita tangu daraja la mtoni lilipoanguka. Pale pamelazwa magogo mawili tu. Gari haliwezi, pikipiki yenye mzigo haithubutu, lakini mtu wa baiskeli hushuka, akaisukuma polepole, akavuka. Basi barabara ikabaki yao. Straton alisema kule hakuna anayekupigia honi, huli vumbi la mtu mwingine, unasikia changarawe chini ya magurudumu na pumzi yako mwenyewe. Breki yake ilikuwa kipande cha tairi alichokikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Nilipomwona akishuka hivyo mara ya kwanza, nilifumba macho.

Lakini barabara isiyo na magari haina mashahidi, na watu wa baiskeli walilijua hilo. Walikuwa na namna yao ya kuisoma. Pande zote mbili ni malisho, na wachungaji wa ng'ombe hupata habari kabla yetu. Wenye bunduki wakikaribia, mchungaji huwaondoa ng'ombe kando ya njia akawaficha bondeni, maana hao ndio huliwa kwanza. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: ukiona ng'ombe kando ya njia, pita, ukikuta malisho matupu, geuza. Straton aliifuata miaka yote, na miaka yote alirudi nyumbani mzima.

Mwaka huu habari za Pinga zikaanza kuharibika. Binti yake Aurélie alikuwa huko kwa mama yake mdogo, akisoma sekondari. Kwanza tukasikia shule imefungwa, kisha wanaume wanachukuliwa kubeba mizigo, kisha simu zikakatika kabisa. Straton akasema anakwenda kumchukua mtoto. Mkewe alimsihi angoje watu wa kanisa waende wengi, na mimi nilimwambia vilevile, kwa ukali. Alituuliza kama tuna hakika wale wenye bunduki nao wanawangoja watu wa kanisa.

Alishuka bila mzigo na njia ilikuwa shwari. Alimkuta Aurélie salama. Kesho yake asubuhi alifunga furushi la nguo za mtoto kwenye usukani, akampakia nyuma, wakaanza kurudi. Yaliyofuata nimeyapata kwa mtoto mwenyewe.

Esdras na Nestor, wenzake wa njia, walikuwa wametangulia na mafuta yao. Aurélie anasema kilichomtisha kwanza ni kwamba hawakukutana na mtu. Ilikuwa siku ya soko, na hapakuwa na mwanamke mwenye kapu wala baiskeli inayoshuka. Walipita vijumba vilivyofungwa kwa nje, moto wa nyuma ya nyumba bado unatoa moshi. Baba yake alikuwa akiimba, kisha akaacha. Wakati wa kupanda walishuka wote wawili wakasukuma, na kila jiwe lililobingirika lilionekana kupiga kelele kuliko kawaida.

Juu ya mteremko wa daraja wakakuta ng'ombe, kundi zima, wengine kando, wengine katikati ya njia. Straton akashusha pumzi. Alimwambia mtoto kwamba sasa njia ni nzima, wanakaribia nyumbani. Na palepale sauti ya Esdras ikasikika kutoka ng'ambo ya mto, ndefu: "Nestoor!"

Hiyo ni desturi ya daraja lile. Kutoka kona ya juu huwezi kuyaona magogo, na baiskeli yenye mzigo ikishaanza kushuka pale haisimami tena mpaka magogoni. Kwa hiyo aliyekwisha kuvuka humwita anayefuata kwa jina, ndipo huyo ashuke. Wanajuana kwa sauti. Wakasikia changarawe za Nestor zikiserereka chini kwenye kona, kisha kimya. Ng'ombe wapo, jina limeitwa. Mtu gani wa baiskeli angetaka zaidi ya hapo?

Ila Aurélie ni binti wa mama yake. Likizo zake zote alizimalizia kwa babu yake, kwenye zizi. Yeye hakutazama kama ng'ombe wapo, aliwatazama ng'ombe wenyewe. Walikuwa wakilia. Viwele vimekaza, maziwa yanadondoka yenyewe kwenye mawe, na jua limekwisha kupanda.

"Papa, hizi ng'ombe habayazikamula," alisema. "Muchungaji iko wapi?"

Kwenye majani palikuwa na fimbo ya mchungaji na koti lake la mvua. Straton aliyaona, na Aurélie anasema uso wa baba yake ulibadilika.

Kulikuwa na njia ya ng'ombe inayopanda mgongo wa kilima, ikavuka mto huko juu penye maji machache, na kutokea juu ya Muheto. Kwa miguu wangefika. Baiskeli isingepita. Hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Liache hilo chuma, Straton. Litupe kwenye majani, mshike mtoto mkono, pandeni. Lakini mtu mzima na akili zake alisimama pale ameushika usukani kama mtu anayeushika mkono wa mgonjwa. Akasema labda mchungaji ameugua. Akasema Esdras yuko chini pale, ameita mwenyewe, wamemsikia. Mwishowe akaamua ashuke peke yake akaangalie.

"Bakia apa na ng'ombe," alimwambia. "Nikikuita jina, njo ushuke. Nisipokuita, pandisha nazo kwa juu, usiningoje."

Akakanyaga ile breki yake, akapotea kwenye kona. Furushi la nguo aliliacha palepale kwenye usukani.

Aurélie alingoja. Alimkamua ng'ombe mmoja kwenye majani ili anyamaze, kisha mwingine. Jina lake halikuitwa. Kutoka chini haikuja sauti yoyote, isipokuwa ya maji. Anasema hofu ilimwisha, ikaja hasira: alidhani baba yake amewakuta wenzake, amekaa anapiga soga, amemsahau juu ya kilima kama mzigo. Nusura yeye ndiye apaze sauti kumwita. Jua lilipogeuka aliokota ile fimbo, akawapandisha ng'ombe. Alitokea juu ya Muheto na kundi la ng'ombe wa watu, sketi imelowa maziwa, na sote tukakimbia kumpokea huku tukitazama nyuma yake. Straton hakutokea.

Esdras alirudi mvua zikiwa zimekwisha, amekonda, hana baiskeli. Alikuja kwangu maana aliogopa kumtazama Muhawenimana usoni. Nilimwambia sitasikia maneno hayo peke yangu, nikamwita mke wa ndugu yangu na Aurélie, wakakaa.

Alitueleza kwamba wenye bunduki walikuwa wamejificha ng'ambo ya daraja. Walihitaji migongo ya kubeba mizigo kuingia msitu wa Walikale, na walikuwa wamekwisha kuijua desturi ya kuitana. Mchungaji walimkamata kwanza, ng'ombe wakawaacha njiani wawe chambo. Kila waliyemkamata walimlazimisha amwite anayefuata.

"Mie niliita," Esdras alisema. "Balinipiga kofi moja tu, nikaita. Nestor alikuja mbio, anacheka."

Kisha akashuka Straton. Waliona furushi, wakalifungua, wakakuta sketi na sweta ya msichana. Wakauliza mwenyewe yuko wapi. Straton akasema ni nguo za kuuza, yuko peke yake. Mkubwa wao hakupiga kelele, Esdras anasema, aliongea taratibu kama mtu wa ofisi. Alimwambia basi aite. Kama hakuna mtu juu, kuita kutamdhuru nini?

"Alisema hana mutu wa kuita. Balimupiga kinywa na kitako ya bunduki. Bakamuuliza tena. Balimupiga mpaka meno ikatoka, mama, na haakuita. Hata kulia haakulia kwa sauti."

Mwishowe walichoka, wakamtwika mafuta ya Nestor na kuwaingiza wote msituni. Esdras alitoroka kwenye mto mwingine. Mara ya mwisho kumwona Straton alikuwa mbele kwenye mstari, anatembea na mzigo kichwani, mdomo umefungwa kwa kitambaa. Tangu hapo hatuna habari yake, na sitasema amekufa mpaka nimwone.

Aurélie, ambaye hakuwa amelia tangu siku ile ya ng'ombe, alikuja akaweka kichwa kwenye mapaja yangu.

"Nilimukasirikia, shangazi," alisema. "Nilikuwa pale juu, namukasirikia, eti kwa nini haniite."