Mama Asiyepiga Magoti

Baridi ya Juni hapa Sumbawanga ikiniingia magotini, hata kushuka kitandani ni safari. Daktari aliniambia ni baridi yabisi, ugonjwa wa kuishi nao. Sikumshukuru yeye wala Mungu. Sala za jumuiya pale Katandala nilikwenda kila Jumamosi kwa sababu tu kubaki peke yangu nyumbani kulinitisha kuliko maumivu.

Wenzangu walipopiga magoti, mimi niliwekewa kiti karibu na msalaba. Maumivu yakizidi nilifumba macho na kuuma meno. Kumbe walikuwa wananitazama.

Siku moja mwanamke mmoja aliyehamia kutoka Mollo alinifuata nje.

"Shikamoo, mama. Naomba uniombee. Mama yangu anaumwa figo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi hata kusali kumenishinda. Pale nilikuwa navumilia magoti tu."

Akatabasamu kwa heshima. "Watu wa sala ndivyo wanavyosema."

Kadiri nilivyokana ndivyo sifa yangu ilivyokua. Wakaanza kuja nyumbani, huyu ana kisukari, yule mumewe ana pumu. Mume wangu aliwafungulia mlango kama bawabu wa askofu. "Mtakatifu yupo," aliwaambia, "anachambua maharage."

Ningewafukuzaje? Niliwasikiliza. Wakiondoka nilimwambia Mungu maneno mawili matatu, mwanzoni kwa aibu, maana nilikuwa nimemnunia. Lakini ni vigumu kuendelea kumnunia mtu unayemtuma kila siku. Magoti hayakupata nafuu hata kidogo, ila asubuhi nikawa naamka nikiwa na la kufanya. Kliniki, daktari aliona nimechangamka, akavisifu vidonge vyake. Sikumbishia.

Kisha mama wa yule mwanamke wa Mollo akafariki. Nilirudi kutoka mazikoni nikijua utakatifu wangu umefika mwisho, na nikashangaa kuona kwamba jambo hilo linaniuma. Wiki chache baadaye yule mwanamke akabisha hodi, mkononi ana mfuko wa unga wa ulezi. Nikaanza kujieleza.

"Hapana, mama," alisema. "Leo sina ombi. Kule nyumbani kumekuwa kimya mno."

Akakoroga uji mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo vidole vyangu havikuweza kushika mwiko. Tukanywa, tukazungumza habari za mama yake mpaka jioni. Hakuna aliyekumbuka kusali.