Moshi wa Mtungi

Kazi yangu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale ni kupandisha ng'ombe bila dume. Mbegu za fahali hugandishwa ndani ya mirija myembamba, nami naitunza kwenye mtungi wa naitrojeni, baridi kupita barafu. Ukifungua kifuniko, moshi mweupe unapanda. Watu waliupenda ule moshi kuliko ndama wenyewe. Nami napenda sifa: kila mgeni nilimfungulia, nikaivuta mirija juu aione, nikaeleza kama profesa. Mcheza kwao hutunzwa. Wengine walinipa soda.

Mama mdogo, aliyenilea tangu tulipotoka Kivu Kusini, alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Nilimpandisha mara tatu, hakushika mimba. Wa majirani nao walikuwa wanarudi joto, yaani wanataka dume tena, nikasingizia ukame na majani. Huyu wa mama mdogo nikamtolea hukumu kabisa: tasa. Mama mdogo akaanza kutafuta mchinjaji.

Roho haikutulia. Nikaenda na mtungi wangu mjini Mbarara, kwenye maabara moja ya mtaa wa Kakoba, mbegu zipimwe. Mtaalamu, mama wa Kinyankole, akayeyusha mrija mmoja, akaniita kwenye hadubini. Mbegu zilikuwa zinaogelea! Nikacheka kwa sauti.

"Ngoja kwanza," akasema, akaenda chumba cha pili kupima yale maji yaliyozizunguka.

Aliporudi hakuwa na tabasamu. "Iko kitu inafaa kukaa ndani ya mbegu. Kimeng'enya. Sasa hapa iko inje, mingi sana. Ngozi imepasuka, inavuja. Hii inaogelea lakini haiwezi kuzalisha. Nani anatoa mirija juu, inapata joto, halafu anarudisha?"

Nani? Mimi! Fundi mzima, mwenye cheti ukutani! Yaani mshtuko ule sijawahi kuupata hata nilipovuka mpaka.

Nikatoka nje mbio nikampigia mama mdogo asimuuze.

"Balikuja kumubeba asubui," akasema. "Sasa bamekwisha kumuchinja."

Nikamweleza yote: moshi, mirija, na jinsi nilivyomsingizia ng'ombe wake. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

"Kumbe hakukuwa tasa," akasema taratibu. Halafu, "Na ile moshi, mwanangu, ni miye njo nilikuombaka ufungule tena. Mara mbili."