Ng'ombe wa Susu Aoa Mke

Mimi ni mtoto wa iweto, na sijawahi kulisema hilo nikiwa nimeinamisha kichwa. Susu, bibi yangu, hakujaliwa mtoto, na mumewe alifariki mapema. Akafanya walivyofanya Wakamba tangu zamani: akapeleka mbuzi, akamwoa mama yangu awe iweto wake, ili azae kwa jina la nyumba yake. Shuleni Kalama walinicheka eti baba yangu anavaa leso. Wachache niliwapiga.

Siku hizi ninafanya kazi katika maabara ya ng'ombe upande wa Nairobi. Ninachukua mayai ya ng'ombe yakiwa bado machanga, ninayakomaza na kuyatungisha nje ya tumbo. Nyumbani wakisikia hivyo, wengine hufanya ishara ya msalaba. Na wafanye.

Susu alikuwa na ng'ombe mmoja wa kienyeji, mwekundu, wa mwisho katika ukoo alioufuga tangu ujana wake. Ukame uliomaliza gredi, wale ng'ombe wa kizungu wa majirani, ulimwacha huyu akitafuna vijiti bila wasiwasi. Lakini ndama zake wote walikuwa madume, na mwaka huo alitumbukia korongoni akavunjika mguu. Susu alinipigia simu akilia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia.

"Nyumba ya ng'ombe wangu imefungwa," alisema.

"Bado," nikamwambia. "Huyo naye ataoa."

Nilifika asubuhi ya kuchinja nikiwa na thamosi ya maji ya chumvi yenye joto. Kwetu wanaume ndio huchinja na kugawa nyama, na wanawake hungoja fungu lao jikoni. Aliyekuwa akigawa ni babu, mdogo wa marehemu mume wa Susu, ambaye miaka yote alituita nyumba ya kubandika. Nilipita katikati ya wazee.

"Wee! Fungu ya wanawake bado!" akafoka.

"Sitaki nyama. Nataka ovari, zile vifuko mbili za mayai. Nipatie kabla zipoe."

Walicheka. Kimoja babu alikuwa ameshakitupa pamoja na matumbo ndani ya beseni la maji baridi, na mayai kama hayo yakipigwa na baridi huharibika. Cha pili nilikikata mwenyewe, kwa kisu changu, nikakitia ndani ya thamosi. Mchana huo hakuna mzee aliyenisemesha. Nilishukuru kwa utulivu.

Sasa tulihitaji tumbo la kubeba. Babu alikuwa na gredi jike, na Susu akampelekea mbuzi.

"Nimeposa ng'ombe yako," akamwambia. "Atazalia ng'ombe wangu marehemu."

Babu alicheka hadi akakohoa. Lakini mbuzi alimpokea, akamchinja, akamla na wenzake huku wakitutania. Akaapa kwamba maiti ikizaa, yeye mwenyewe atatuletea ndama hadi langoni.

Kule maabara nilivuta mayai kwa sindano, nikayaweka katika kabati lenye joto kama la tumbo la ng'ombe, nikangoja yakomae. Kesho yake nikayachanganya na mbegu za fahali wa kienyeji. Mengi yaliharibika. Wiki ilipoisha nilibaki na kiinitete kimoja cha kuaminika. Mkubwa wangu alisema kimoja hakistahili safari ya kwenda Kalama. Nikaenda nacho. Daktari wa mifugo, aliyekuwa ameshamtayarisha gredi wa babu, akakipandikiza.

Kikashika. Ng'ombe mweupe mwenye madoa meusi akazaa ndama jike mwekundu, na kinundu chake mabegani.

Hapo babu akasahau kucheka. Alimfunga ndama uani kwake, na tulipokwenda na wazee wa ukoo akasema, "Mwenye kubeba mimba ndiye mama. Ndama ni yangu."

Hasira ilinipanda. Kama ndama yule hakuwa wa nyumba ya Susu, basi hata mimi sikuwa wa nyumba hiyo, na kila mtu pale alilijua hilo. Nilifungua kinywa, lakini Susu alinitangulia.

"Mbuzi ulikula?"

"Nilikula."

"Ilikuwa tamu?"

Wazee waliangua kicheko. Babu akatazama chini, kisha akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Chukueni hiyo ndama muende. Ng'ombe yangu inabaki."

Susu hakusogea. Akamwonyesha mama yangu kwa mkongojo.

"Hata huyu alipozaa, ulikuja kwangu. Ukaniambia watoto nimepata, sasa nimrudishe kwao. Nilikataa."

Nilimgeukia mama. Hakuwa amewahi kuniambia. Alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, mahali alipozoea kusimama katika boma lile, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti.

"Na leo nakataa," Susu akaendelea. "Nyumba yangu haichukui mtoto ifukuze mama. Wote wawili wanaenda. Maziwa tutakuwa tunakuletea, si wewe sasa ni mkwe wetu?"

Babu aliwatazama wazee. Hakuna aliyemsaidia. Mama alipita mbele ya wote, akafungua kamba ya yule gredi bila kuomba ruhusa ya mtu, akamtangulia kuelekea kwetu.