Hortense na Mashine Zilizolala

Baba yake Hortense alikereza chuma maisha yake yote katika karakana moja ya Serikali, Likasi, kusini mwa Kongo. Karakana ilipofungwa, mzee hakukawia kufa. Binti alibaki pale kama mtunza ghala, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufagia na kufunga mlango. Kisha vita vya mashariki vikapamba moto, Serikali ikatafuta pesa kila pembe, na amri ikaja: mashine zilizolala ziuzwe kwa karakana ndogo za mjini. Zitakazobaki zikayeyushwe kama vyuma chakavu.

Hortense akajifunga kitenge kizuri, akaingia mtaa wa Kikula, karakana kwa karakana. Kazi ilikuwa tele, maana tangu njia ya Bukavu, huko mashariki, ifungwe, vipuri vilivyopitia kule vilikuwa vimekatika. Vinu vya mahindi vilinyamaza kwa kukosa kipande kimoja tu. Watu walichukua jiliwa za kubania vyuma na mashine za kutoboa. Mashine kubwa za kukereza hazikupata mtu.

"Ile mashine ni muzuri, Mama Hortense," alisema Papa Godefroid, mchomeleaji mwenye karakana pana kuliko zote. "Lakini nani ataitumikisha? Bale bazee balishakufa. Miye najua kuchomelea tu."

Hortense akarudi ghalani moyo umemwinama.

Jumapili, baada ya misa, alikaa kando ya mama mgeni, Marcelline, aliyekimbia Bukavu na mumewe. Katika kuongea, Marcelline akasema mumewe, Bertin, alikuwa fundi wa kukereza, na sasa anapasua mawe kwenye machimbo ya Kakontwe. Hortense alimfuata nyumbani papo hapo.

Bertin alikuwa amefunga vidole kwa vitambaa.

"Ulikuwa unakereza nini, Papa?"

"Vyuma vya boti za ziwani, Mama. Vita vilipofika nilikimbia. Mashine haikimbii."

Kesho yake Hortense alimwendea mkuu wa ghala, Chef Ruphin, kuomba mashine moja ijaribiwe na Bertin. Ruphin alikataa: mali ya Serikali haiguswi kabla ya kulipiwa.

"Chef," Hortense akasema taratibu, "ku soko batu banaonjaka asali mbele ya kulipa."

Ruphin alicheka bila kutaka, akawasha umeme mwenyewe.

Papa Godefroid aliitwa, akaja na mhimili uliovunjika wa kinu cha mahindi cha Mama Georgette, mteja wake, na kipande cha chuma cha kuchongea mwingine. Bertin alisugua kutu, akatia mafuta, akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma, ila haikuzunguka. Godefroid alimtazama Hortense, naye akatazama chini. Bertin aliinama nyuma ya mashine. Alifungua kifuniko, akakaza mkanda uliolegea, akabonyeza tena.

Chuma kikazunguka. Nyuzi za chuma zikaanza kujikunja kutoka kwenye ncha ya kisu, na harufu ya mafuta ya moto ikajaa ghalani, harufu ambayo baba alikuwa akirudi nayo jioni. Hortense aligeukia ukuta kidogo, akapangusa macho.

Mhimili mpya uliingia kinuni bila kupigwa nyundo. Siku hiyohiyo Mama Georgette akasaga.

"Naikamata hii mashine, nalipa," Godefroid akamwambia Hortense. "Na huyu muntu vilevile, kama atakubali."

Bertin alikubali kabla hajaulizwa.

Mlango wa karakana ya Godefroid ulikuwa mwembamba, ikabidi ukuta ubomolewe. Watu wa soko waliacha meza zao wakaisukuma mashine juu ya mabomba yanayobingirika, wakiimba. Wenye karakana wengine wawili walioshuhudia walifika ghalani wiki iliyofuata wakanunua zilizobaki, na Bertin akaahidi kuwafundisha vijana wao. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipokuja na lori, alipata mabati tu.

Vita havijaisha. Bertin bado husikiliza redio akifanya kazi, na habari za Bukavu zikianza huzima mashine asikie vizuri. Kisha huiwasha tena, kwa sababu wenye vinu wanangoja kwenye benchi.